Goti jipya na vidole vinavyouma: nichague baiskeli gani ya umeme?

Mwanangu mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 64. Niliwekewa goti bandia mguu wa kulia, na sasa ni mwezi wa tano tangu upasuaji. Nashukuru, linaendelea vizuri. Mkongojo nimeuacha, ngazi napanda, kushuka ndiko bado kunanipa taabu. Mtaalamu wa fiziotherapia alipolipima mara ya mwisho lilijikunja nyuzi 112. La kushoto nalo gegedu limelika sana; daktari anasema huenda siku moja likapasuliwa pia, ila hakuna haraka.

Kinachonitesa zaidi kwa sasa ni mikono. Nina baridi yabisi kwenye shina la dole gumba, pande zote mbili. Kufungua kifuniko cha chupa mpaka niombe msaada, na asubuhi vidole vinachukua muda kulegea.

Baiskeli nimeiendesha tangu utotoni mpaka goti liliponikatalia. Katika mazoezi ya baada ya upasuaji nimekuwa nikikanyaga ile ya ndani isiyokwenda popote, na nikimaliza goti huwa jepesi kuliko nilipoanza. Daktari aliyenipasua amesema naweza kurudi barabarani, mradi nijihadhari nisianguke. Watoto wakaamua kunichangia baiskeli ya umeme. Ndipo mabishano yalipoanza.

Mwanangu wa kiume anataka yenye mota kubwa kuliko zote na akselereta ya kubonyeza kwa dole gumba. Anasema, "Mama, hutahitaji hata kukanyaga." Binti yangu hataki kusikia habari ya magurudumu mawili; yeye anataka matatu. Baba yao anasema tusubiri mpaka goti la kushoto nalo litengenezwe, ndipo tujue la kufanya.

Nilikwenda dukani kujaribu. Muuzaji alinipa ile aliyosema inapendwa kuliko zote. Kuipanda kulinishinda: nilipoinua mguu kisigino kiligonga bomba la juu, nikayumba, akanidaka. Nilipokwisha kukaa nikakanyaga mara moja tu, baiskeli ikachomoka. Nilizunguka uwanja wao nikajisikia msichana, lakini wakati wa kusimama ilibidi nibane breki kwa nguvu zangu zote. Dole gumba liliniuma usiku kucha, na tangu siku hiyo nina hofu ambayo sikuwa nayo.

Je, ipo baiskeli inayomfaa mtu kama mimi, au nikubali tu kwamba ile ya ndani inanitosha? Na kama ipo, niangalie nini? Maana kila muuzaji ananitajia wati na kilomita.

Mama wa Goti Jipya

*

Shikamoo mama,

Ipo, tena zaidi ya moja. Na jaribio lako la dukani limekwambia mengi kuliko maelezo ya muuzaji yeyote, hata kama lilikuachia hofu. Tazama ulichoniandikia: ulishindwa kupanda, ulishtuka wakati wa kuondoka, ukaumia wakati wa kusimama. Ukiwa mwendoni ulijisikia msichana. Ndivyo ilivyo kwa wengi wenye viungo vibovu au waliotoka kwenye upasuaji. Mota inasaidia kukanyaga. Haikuinulii mguu, haikushikilii baiskeli ya kilo 25 inapoanza kulala upande, wala haikubanii breki. Kwa hiyo yako ichagueni kwa namna unavyoipanda, unavyoondoka nayo, unavyosimama, unavyoshuka na unavyoisukuma kwa mkono. Wati na kilomita ziangaliwe mwisho kabisa.

Fremu ndiyo ya kwanza, na hapo sina mjadala. Tafuta fremu ya kupitisha mguu, ile ambayo bomba la juu limeshushwa karibu na pedali au limeondolewa kabisa. Wengi wanaiita baiskeli ya kike, na wako wanaume wenye nyonga mbovu wanaoikataa kwa sababu ya jina hilo tu; wanajinyima bure. Ila hizi fremu hazilingani. Nyingine zinauzwa kwa sifa hiyo na bado bomba lake linafika usawa wa goti. Nyingine unapita kwenye nafasi iliyo sentimita 25 hadi 40 tu kutoka ardhini. Kabla ya kwenda dukani jipime nyumbani. Shika meza nzito, inua mguu wako ulio mgumu zaidi mpaka pale unapofika bila maumivu na bila kuupinda mwili, na mtu mwingine apime kisigino kiko sentimita ngapi kutoka sakafuni. Punguza sentimita 5, kwa sababu ya viatu na kwa sababu ya zile siku ambazo viungo vinaamka vibaya. Fremu yoyote iliyo juu ya hapo iache, hata ikiwa nzuri namna gani.

Kupanda kwenyewe kuna utaratibu wake. Bana breki zote mbili, laza baiskeli kidogo kuelekea kwako, pitisha mguu katikati, isimamishe wima, na usikae kabla nyayo zote mbili hazijatulia chini. Usirushe mguu kwa nyuma juu ya kiti. Na ule mtindo wa kusimama kwa mguu mmoja juu ya pedali huku mwingine unasukuma ardhi, uache. Unalipindua goti likiwa limebeba mwili mzima. Mguu upi upite kwanza? Kwako wewe, ambaye goti moja ni jipya na jingine limechoka, sitaki kubahatisha kwa barua. Jaribu pande zote mbili mtu akiwa ameshika usukani. Kama tangu utotoni umezoea kupandia upande wa kushoto, hakuna kinachokuzuia kuhamia kulia.

(Wasomaji waliowekewa nyonga bandia nao wanisikie. Kutegemea njia aliyopitia daktari wakati wa upasuaji, wengi hukatazwa kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kukatisha mguu kuvuka katikati ya mwili na kuupindia ndani, kwa kawaida kwa wiki 6 hadi 12. Katazo hilo likiwa bado lipo, hata fremu ya chini kabisa isubiri.)

Sasa kiti, ambacho kina mgogoro wake. Mtu mwenye hofu ya kuanguka anataka kiti kiwe chini ili nyayo zifike ardhini. Goti linataka kinyume chake. Kiti kikiwa chini mno, pedali inapofika juu goti linakunjwa kupita kiasi, na inapofika chini halinyooki vya kutosha. Mzigo unaangukia nyuma ya kifuu cha goti, na huko ndiko wengi wanakosikia maumivu. Kipimo rahisi ni hiki: ukiwa umekaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kama nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo panapotakiwa.

Utayapataje yote mawili, goti lililonyooka na nyayo zinazofika chini? Zipo fremu ambazo pedali zimesogezwa mbele ya kiti badala ya kuwa karibu chini yake. Ukiwa juu yake unanyoosha mguu kwenda mbele, na ukisimama unaweka nyayo bapa ardhini bila kushuka kwenye kiti. Kwa mtu aliyeambiwa asianguke, hiyo ndiyo fremu ningetaka aijaribu kabla ya zote. Njia nyingine ni mlingoti wa kiti unaoshuka ukibonyeza kitufe kwenye usukani na kupanda tena ukianza mwendo. Ni kitu kizuri, lakini kitufe chake mara nyingi kinasukumwa kwa dole gumba na kinataka nguvu, kwa hiyo kwako kina walakini.

Nyuzi zako 112 zinanipa neno la kusema ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Kwa baiskeli ya kawaida, yenye mikono ya pedali (vile vyuma vinavyoshikilia pedali) ya urefu wa milimita 170, goti hukunjika kiasi cha nyuzi 110 hivi pedali inapofika juu, zaidi kidogo au pungufu kidogo kulingana na kimo cha kiti na umbo la mtu. Maana yake uko ukingoni kabisa. Kila mzunguko utaligusa goti pale linapoishia, na ifikapo jioni litakuwa limevimba. Dawa yake ni mikono mifupi ya pedali. Ukiweka ya milimita 150, umepunguza milimita 20. Kwa kuwa pedali ya chini nayo imepanda milimita 20, unapandisha kiti kiasi hicho hicho, na pedali inapofika juu mguu wako unakuwa chini kwa sentimita 4 kuliko ulivyokuwa ukilinganisha na kiti. Sentimita 4 kwa goti gumu ni nafasi kubwa sana. Kwa baiskeli isiyo na mota mikono mifupi ingekufanya ukanyage kwa nguvu zaidi. Kwa ya umeme, mota inalifidia hilo. Uliza kabla ya kulipa: mota hii inapokea mikono mifupi, na duka litaifunga? Mota za katikati hutofautiana kwa namna mhimili wake ulivyochongwa, na si kila mkono unaingia kwenye kila mhimili. Pia mwombe mtaalamu wako apime goti la kushoto linakunjika nyuzi ngapi, maana umenitajia la kulia tu, na huenda la kushoto ndilo gumu zaidi.

Pedali zenyewe ziwe bapa na pana. Zile za kufungia kiatu zikae mbali nawe, kwa sababu kuuchomoa mguu kunahitaji kuupinda, na kuupinda ndiko tunakokukimbia.

Kuhusu baiskeli iliyochomoka. Kuna aina mbili za kihisi kinachoiambia mota ianze kazi. Kimoja kinaangalia tu kama pedali zinazunguka. Zikizunguka kinawasha mota kwa kiwango ulichochagua. Zikisimama kinaizima, mara nyingine baada ya kuchelewa kidogo. Kingine kinapima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani, na mota inaongeza kulingana na hapo: ukigusa kidogo inasaidia kidogo. Inaelekea uliyopewa ilikuwa na kihisi cha mzunguko, au ilikuwa imewekwa kiwango cha juu, pengine vyote viwili. Wewe tafuta kihisi cha nguvu. Watu wenye magoti dhaifu husema kihisi cha mzunguko ni rahisi zaidi kwa sababu miguu inazunguka bila kusukuma, na wana haki hiyo siku maumivu yakizidi. Lakini wakati wa kuondoka, wakati wa kukata kona ya polepole, wakati wa kupita katikati ya watu, mtu aliyetoka kwenye upasuaji anahitaji baiskeli inayomtii. Jaribu kuondoka kwa kiwango cha chini kabisa, tena na tena, mpaka uone kama mota inakuja kwa upole.

Na tabia moja uanze nayo tangu siku ya kwanza: ukiwa umesimama, mguu usikae juu ya pedali mpaka utakapokuwa tayari kuondoka, na mkono ubaki kwenye breki. Kihisi kilicho chepesi kinaweza kuchukua uzito wa mguu uliopumzika kama amri ya kwenda.

Mota ikae wapi? Iliyo katikati, kwenye mhimili wa pedali, inaweka uzito chini na katikati, na inatumia gia za baiskeli, kwa hiyo mlima inaupanda bila kukulazimisha kukanyaga kwa nguvu. Iliyo kwenye habu (kitovu) ya gurudumu la nyuma ni nyepesi kueleweka na haichoshi mnyororo, ila kwenye mlima mkali inachoka. Ya gurudumu la mbele nisingekununulia: kwenye mchanga, changarawe au majani yaliyolowa gurudumu linaweza kuteleza likivutwa, na gurudumu la mbele likiteleza, mwendeshaji huwa chini kabla hajajua.

Mwanao anapenda nguvu, na sitamlaumu, anataka upumzike. Mwambie hivi. Katika Umoja wa Ulaya baiskeli ya umeme ya kawaida ina mota ya wati 250 na msaada wake unakoma kwenye kilomita 25 kwa saa. Marekani sheria ya usalama wa bidhaa inaruhusu chini ya wati 750 na kilomita 32 kwa saa. Wengi wenye magoti yaliyochakaa wanapanda milima vizuri kwa hizo 250. Kinachokupandisha mlima ni nguvu ya kuzungusha, ambayo wauzaji huiandika kwa Nm (newton-mita). Mota za katikati nyingi ziko kati ya 40 na 85, na kwa uzito wa kawaida na barabara ya kawaida 60 zinatosha kabisa. Akselereta ina faida moja ya kweli kwako, ya kukutoa pale uliposimama bila kulibana goti, na kama sheria za ulipo zinairuhusu si vibaya kuwa nayo. Lakini isiwe ya dole gumba! Hapo mwanao angekuwa anakutibu goti kwa kukuvunja mkono.

Na "kutokukanyaga" mama usikukubali. Kukanyaga ndiko kulikolifanya goti lako liwe jepesi kwenye ile baiskeli ya ndani. Mwaka 2012 watafiti wa Berlin walichapisha vipimo vya watu waliowekewa magoti bandia yenye vihisi ndani yake. Walipokanyaga baiskeli ya mazoezi kwa nguvu ya wastani ya wati 60, goti lilibeba mzigo wa takriban asilimia 120 ya uzito wa mwili. Kutembea tu kwenye sakafu hubebesha goti zaidi ya mara mbili ya uzito huo wa mwili. Ndiyo maana unaweza kuendesha nusu saa siku ambayo kutembea nusu saa kungekulaza. Mota ikusaidie kuzungusha pedali haraka na kwa wepesi, kama mizunguko 60 hadi 80 kwa dakika, badala ya kuzisukuma polepole kwa gia nzito.

Hapo hapo nikutajie gia za ndani ya habu. Kwa gia za kawaida za mnyororo, ukisimama ghafla ukiwa kwenye gia nzito huwezi kuibadilisha mpaka pedali zizunguke, kwa hiyo unaondoka kwa kulikamua goti. Gia za ndani ya habu zinabadilika ukiwa umesimama kabisa kwenye taa. Kwa watu wenye magoti kama yako naona jambo hili linazidi umuhimu wa ukubwa wa mota. Nyingine zinajibadilisha zenyewe, na hizo kwa mikono yako zingekuwa neema.

Mikono yako, mama, sitaipita haraka, maana wengi wanachagua baiskeli kwa ajili ya goti kisha inawashinda kwa sababu ya vidole. Breki ziwe za mafuta, si za waya. Breki ya mafuta inabanwa kwa kidole kimoja au viwili na inahitaji nguvu ndogo sana. Mkono wa breki una skrubu ndogo ya kuusogeza karibu na usukani. Fundi ausogeze mpaka vidole viufikie bila kutanuka. Usukani uwe umepinda kurudi nyuma kwako, ili viganja vitazamane kidogo badala ya kulala kifudifudi, na kiwiliwili kiwe wima ili uzito usiegemee mikononi. Vishikio viwe vinene, vyenye bawa pana la kuegemeza kiganja. Ubadilishaji wa gia ujaribu kwa makini: ule wa kusukuma kijiti unalitumia dole gumba, na wa kuzungusha kishikio unataka mbano wa mkono mzima, kwa mtu mwenye maumivu pale shinani vyote vinaweza kuuma, na vitufe vya umeme ndivyo vyepesi zaidi. Breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume inapumzisha mikono kweli, lakini inakuzuia kurudisha pedali nyuma ili uiweke pale unapotaka kuanzia, na goti lako linahitaji kuanza na pedali ikiwa juu kidogo mbele. Mimi kwako nisingeichukua.

Halafu kuna jambo watu hawalijaribu dukani: kuchomoa betri. Zungusha ufunguo mwenyewe, ibonyeze, ivute, ibebe, irudishe. Nyingi zina uzito wa kilo 2.5 hadi 4, na nyingine zinanata mahali pake kiasi cha kuhitaji vidole vya fundi. Kama huwezi, hakikisha ina tundu la kuchajia ikiwa mahali pake, na kwamba pale utakapoiweka pana umeme. Jaribu pia stendi na kufuli. Mwombe muuzaji akae pembeni, asikusaidie.

Uzito wa baiskeli nzima huusikii ukiwa juu yake. Unausikia mlangoni, kwenye kizingiti, na pale inapoanza kuinama wewe ukiwa na mguu mmoja chini. Nyingi ziko kati ya kilo 20 na 28. Zile nyepesi zinashuka hadi 15 au 18 kwa kupunguza betri na mota. Usichukue nzito kuliko unavyoweza kuisimamisha ikilala nusu. Nyingi zina kitufe cha kuisukuma taratibu, hadi kilomita 6 kwa saa, wewe ukitembea kando yake. Kwa njia za mwinuko na milima mifupi kinaokoa magoti, mradi kitufe hicho kisihitaji kubanwa muda wote na dole lile lile linalouma.

Binti yako naye ana hoja. Magurudumu matatu yanaondoa swali la mizani: unakaa, unapumzika, unaondoka ukiwa umekaa, hakuna kuweka mguu chini. Kwa mtu ambaye mizani imekwisha, au ambaye mguu mmoja haubebi kabisa, ningesema ichukuliwe leo. Lakini ijulikane kwamba haiinami kwenye kona. Ukikata kona kwa kasi, au ukipita kwenye barabara iliyolala upande, gurudumu la ndani linaweza kunyanyuka, na waliozoea magurudumu mawili ndio wanaoshangazwa zaidi, kwa sababu mwili wao unajaribu kuinama na chombo hakifuati. Ni nzito, mara nyingi kilo 30 na zaidi, na ni pana mlangoni. Zile za chini za kuketi umeegemea ni imara zaidi, ila kuinuka kutoka kwenye kiti kilicho chini kunahitaji magoti na mikono, vyote ambavyo kwako ni vibovu. Wewe unatembea bila mkongojo na mizani ya baiskeli unayo tangu utotoni. Anza na magurudumu mawili yenye pedali zilizosogezwa mbele. Ukiona bado unaogopa kusimama, jaribu matatu kabla hamjalipa chochote.

Mengine nitayapitia kwa ufupi. Tairi ziwe pana, milimita 50 hivi, zisijazwe upepo hadi kuwa ngumu, na mlingoti wa kiti uwe wenye springi. Viwili hivyo vinakutuliza mikono na mgongo kuliko shokapu ya mbele ya bei rahisi inayoongeza uzito tu. Weka kioo cha pembeni ikiwa shingo haigeuki vizuri. Tairi ziwe zenye kinga ya miiba, maana kufungua gurudumu lenye mota, zito na lenye nyaya, si kazi ya vidole vyako. Kuhusu betri, hesabu kwamba mtu anayetegemea msaada mkubwa anatumia kama wati-saa 15 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) kwa kilomita, na zaidi penye milima. Kwa hiyo ya wati-saa 500 ihesabu ni kilomita 30 na chache, usiiamini ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye sanduku. Wewe usiende mbali kiasi cha kulazimika kuirudisha bila mota. Chaja iwe ya kwake, na mfumo mzima uwe umepimwa kwa viwango vinavyojulikana, kama EN 15194 kwa Ulaya au UL 2849 kwa Marekani ya Kaskazini.

Baba anasema msubiri goti la pili. Namheshimu, ila hapa sikubaliani naye. Daktari hajapanga tarehe, na misuli ya paja haikai ikingoja. Kila mwezi usiofanya kazi inapungua. Anayeingia kwenye upasuaji wa goti akiwa na mapaja yenye nguvu huanza kutembea akiwa na mtaji. Tena baiskeli hii ninayokueleza, ya fremu ya chini, mikono mifupi na breki nyepesi, itakufaa hata baada ya upasuaji mwingine. Utakapofanyiwa, itapumzika mpaka daktari aseme, nawe utarudi kwenye ile ya ndani kwanza.

Kabla ya kununua, muulize daktari maneno matatu: kama mfupa unaolizunguka goti jipya umeshikana vizuri kiasi cha kuvumilia mguu kushuka ghafla, kama kuna dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo bado unaitumia, kwa kuwa ukiitumia hata pigo dogo la kichwa si dogo, na kama kuna pembe ambayo goti lisiipite. Kofia ngumu ivae hata kwenye uwanja wa mazoezi.

Kisha anza kwenye uwanja mtupu, tambarare, bila kwenda popote: kupanda, kuondoka, kusimama, kushuka, mpaka mwili uzoee bila kufikiri. Endesha muda mfupi, pumzika siku inayofuata, ongeza kidogo kidogo. Uchovu wa misuli ni wa kawaida. Maumivu ya kiungo yanayozidi na kuendelea hadi kesho yake, au uvimbe, maana yake umezidisha au kiti kinahitaji kurekebishwa. Punguza mwendo na umrudie fundi. Ikiwa goti jipya linakuwa la moto, jekundu, au shavu la mguu linavimba na kuuma, hiyo si habari ya baiskeli tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nenda dukani alasiri, viungo vikiwa vimelegea, halafu urudi siku nyingine asubuhi vikiwa vigumu. Ile utakayoweza kuipanda na kuisimamisha asubuhi hiyo, peke yako, ndiyo watoto wakulipie.

Mshauri wako